Wajina wa Mama Mkubwa

Uongo Irakoze hakusema, na hilo ndilo lililomkaa kooni. Kila alichosema kilikuwa kweli, ila alikisema kwa roho mbaya.

Kaka yake Sipriani alimpigia simu kutoka Buffalo. Mkewe, Florida, alikuwa amejifungua binti, na jina lilishaamuliwa tangu wakiwa kambini Tanzania: mjukuu wa kwanza wa kike ataitwa Delfina, awe wajina wa mama mkubwa aliyewalea wao wawili mama yao alipofariki. Lakini Florida alitaka kwanza kujua jina hilo lina maana gani.

"Wewe ndiye msomi wetu," Sipriani akasema. "Tuambie."

Msomi! Pale Columbus, kwenye chumba alichopanga karibu na chuo, Irakoze alisimama na simu sikioni. Jina lile alikuwa amejiwekea mwenyewe. Tangu utotoni alijua binti yake ataitwa Delfina, na sasa Sipriani analichukua kirahisi hivihivi kwa sababu tu kawahi kuoa.

Basi akawaambia. Jina ni la Kigiriki. Linahusishwa na neno lenye maana ya tumbo la uzazi. Wamarekani hawalitumii sana, na shuleni watoto watamtania, watamwita "dolphin", yaani pomboo wa baharini.

"Yesu wangu, mwanangu aitwe tumbo?" Florida alisikika akipiga kelele pembeni. "Wifi, nitafutie jingine!"

Na wifi, jamani, akamtafutia papo hapo. Zoe. Nalo la Kigiriki, maana yake uhai, na huku Marekani limejaa tele. Hakuwaambia kuhusu Delfi, ule mji wa mlimani ambao jina hilo huhusishwa nao, ambako wafalme wa zamani walituma watu kwenda kuuliza hatima yao. Hakumtaja mtakatifu wa Ufaransa mwenye jina hilo, wala hakusema kwamba huko Ajentina akina Delfina ni kibao. Yote aliyajua, akayameza.

Baada ya siku chache Sipriani akatuma ujumbe: "Mama mkubwa tumemwambia. Amesema sawa tu."

Hiyo "sawa tu" ilimtesa Irakoze darasani, ikamtesa kanisani. Jumamosi akawasha gari, akashika njia ya Louisville.

Mama mkubwa alikuwa akiishi South End, kusini mwa jiji hilo, na kazi ya ghalani kule Okolona alishaiacha tangu moyo wake uanze kumsumbua. Irakoze alimkuta ameketi dirishani na kitambaa cheupe cha mtoto mapajani, cha kutarizi, kama vile walivyokuwa wakitengeneza akina mama kambini. Alikuwa anafumua uzi mwekundu. Zilikuwa zimebaki herufi za mwisho: INA.

"Karibu, mwanangu. Nafumua haka kajina," akasema. "Eti huku Marekani kana matatizo. Kwani maana yake nini? Sipriani kaogopa kuniambia."

Irakoze alitamani sakafu immeze. Mwanamke huyu hakujaliwa mtoto, na mumewe alimwacha kwa sababu hiyo, kambi nzima ikijua.

"Tumbo la uzazi, mama mkubwa."

Mama mkubwa akacheka mpaka akakohoa. "Mimi? Angalau yule bwana angeambiwa mapema!" Kisha kicheko kikakatika, akainama tena kwenye uzi wake.

Irakoze akapiga magoti. "Ni mimi niliyewaharibia. Nililitaka kwa binti yangu."

"Una mimba?"

"Hapana."

"Una mchumba?"

"Hapana, mama mkubwa."

"Ala! Umemnyima mtoto aliyekuja, ukamwekea ambaye hata baba hana?" Sasa alikuwa amekasirika kwelikweli. "Kwani jina ni sahani ya ugali, kwamba akila mmoja mwingine analala njaa? Mngewaita wote wawili Delfina. Ningekuwa na wajina wawili, mimi ambaye sina hata mmoja!"

Irakoze akatoa simu kwenye mfuko wa koti. "Namwambia Sipriani sasa hivi. Namwambia yote."

"Weka hiyo simu."

"Lakini mama mkubwa..."

"Florida ameshaanza kumbembeleza mwanawe kwa jina jipya. Nimemsikia mwenyewe kwenye simu, anaimba Zoe, Zoe. Unataka kila akimwita akumbuke uchoyo wako? Weka. Hilo utakaa nalo wewe."

Irakoze akairudisha simu mfukoni. Mama mkubwa akang'oa uzi wa mwisho, akakung'uta kitambaa, akatunga sindano kwa uzi uleule mwekundu. Pale lilipokuwa jina lake palibaki vitundu vidogo vidogo, na juu yake akaanza kushona Z.

"Shika hapa, uvute vizuri," akaamuru.

Irakoze akashika, akavuta. Vile vitundu vikafunguka, akavisoma vyote, kuanzia D. Hapo machozi yakamshinda.

"Usinilowanishie," mama mkubwa akasema, bila kuinua macho. "Hiki ni cha mtoto."