Aliyeruka Paa la Ibra

Tamthilia ya mwizi wa ngamia nimeitazama yote, mara mbili. Kwa hiyo tulipofika Omani kumtembelea shemeji yangu, sikutaka kupelekwa madukani. Nilitaka kuona lile paa la mjini Ibra.

Kwetu Tabora, kwa kinyozi Hud, tumegombana kuhusu paa lile mwaka mzima. Saud, yule mwizi, anakimbizwa na askari, anapanda juu ya nyumba, anaruka kichochoro na kutua juu ya nyumba ya pili. Hud na wenzake wanasema ile ni kompyuta. Mke wangu Tahira naye anasema kompyuta. Mimi nasema mtu aliruka. Niko peke yangu, na wananicheka.

Ziara ilianzia Nizwa, kwenye ngome alimofungwa Saud. Aliyetuongoza ni Adil, kijana mzaliwa wa huko, Kiswahili amekipata kwa bibi yake. Ngome ni kubwa, sikatai, ila nilikuwa namharakisha.

"Ami, subiri, bado jela."

"Jela nimeiona kwenye televisheni. Twende Ibra!"

Mtaa wa zamani wa Ibra, nyumba niliitambua kabla gari halijasimama. Moyo ulinienda mbio kama mtoto siku ya Idi. Nikashuka, nikatazama juu. Kichochoro kilikuwa kipana kuliko nilivyodhani. Kipana kweli. Nikaanza kuogopa kwamba Hud anasema kweli.

"Piga picha hapa hapa chini, ami," alisema Adil. "Juu hatupandi."

"Nimetoka Tabora mimi!"

"Hata ungetoka mwezini. Ukiwa juu unaona nyua za majirani, na wake zao wamo humo vichwa wazi. Mwanamume hapandi. Mimi mwenyewe sijawahi."

Tahira akajitazama. "Na mimi ni mwanamume?"

Akapiga hodi. Mwenye nyumba, Bi Ghalia, bibi wa makamo ya mama yangu na Kiswahili anakijua, alifungua na kumwita mjukuu wake ampandishe mgeni. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nyinyi kaeni barazani, nakuleteeni kahawa."

Kahawa nilikunywa, halua nikala, wala sikujua ladha yake. Macho yalikuwa juu. Kichwa cha Tahira kikachomoza.

"Baba Maha! Hapa hajaruka mtu! Nimeangalia chini miguu imekufa ganzi. Ni kompyuta!"

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Lakini Bi Ghalia aliweka birika chini kwa kishindo.

"Kompyuta gani? Paa langu hilo!"

"Bibi," nikasema, "kama mwanamume hapandi, Saud alipandaje?"

"Hakupanda. Wazee wa mtaa walikataa katakata. Watu wa filamu wakaanza kufunga virago. Mjukuu wangu akavaa kanzu ya babu yake, akajizungushia kilemba mpaka puani, akaruka. Wao wakapiga picha kutoka chini."

Adil nusura amwage kahawa. "Bibi! Mimi nawaambia wageni Saud alifanya mazoezi mwezi mzima!"

"Basi unawadanganya."

Kule juu, kando ya Tahira, msichana alichungulia huku akicheka. "Ami, niruke tena uone?"

"Thubutu!" Bi Ghalia alipiga kelele. "Shuka!"

Nilisimama nikapiga makofi peke yangu mtaani kama mwehu. Mtu aliruka! Nikataka picha ya msichana, bibi akakataa, na jina lake akanikataza kulitaja. Haki yake. Nikamtumia Hud ujumbe wa sauti: si kompyuta, mtu aliruka, na ni mwanamke.

Jibu lilikuja papo hapo, kibanda kizima cha kinyozi kinacheka. "Sasa ni mwanamke! Bwana, jua la huko limekuunguza ubongo. Picha iko wapi?"

Sikuwa na la kumwonyesha. Tahira alikuwa ameshashuka, vumbi magotini. Alisikiliza, akaninyang'anya simu.

"Hud, ni mimi Tahira. Nimesimama pale juu, na msichana amenionyesha alipokanyaga. Mume wangu amesema kweli, mimi na wewe ndio wajinga. Na wewe ungefika pale ukingoni, ungeteremka kwa kutambaa."