Kioo Kilichofura kwa Nje

Wambura alirudi kutoka Kondoa kioo cha mbele cha gari lake la Pijo kikiwa kimepasuka upande wa abiria, akasema lori limerusha jiwe. Mkewe Edina, karani katika ofisi za Bunge, hakuwa na sababu ya kubisha. Barabara ile ya vumbi alikuwa anaijua.

Kazi ikawa kupata kioo kingine. Tangu serikali iruhusu biashara huria, maduka ya mjini yalifurika vipuri vya magari ya Kijapani, ila kwa Pijo kuukuu kama lile kila muuzaji alitikisa kichwa. Mwishowe Hassani, fundi wa Nkuhungu, akakipata kwenye gari bovu, na Edina ndiye aliyepeleka gari, maana mumewe alisema ana kikao.

Hassani aliuchokonoa mpira unaoshika kioo kwa bisibisi, akakitoa kile kilichopasuka na kukilaza juu ya gunia. Akakipapasa.

"Mama, mbona hapa kimefura kwa nje? Jiwe lingekibonyeza kwa ndani."

Edina akainama. Kwenye ufa zilikuwa zimenasa nywele fupi, nyeupe pe.

Wambura hakuwa na mvi hata moja. Edina aliendesha kurudi Makole na kioo kisafi mbele yake, kichwani ukungu mtupu. Kama ni mwanamke, ni mwanamke gani huyo mwenye mvi? Kama si mwanamke, kuna nini cha kuficha? Akapitiliza hata njia ya kwao.

"Baba Anthony," alimwambia mumewe wakila chakula cha jioni, "kule Kondoa ulimpakia nani?"

Wambura alinawa mikono kabla ya kujibu. Alisema alimpa lifti mzee mmoja karibu na kijiji cha Busi. Punda akakatiza barabara, yeye akafunga breki ghafla, mzee akakigonga kioo kwa kichwa. "Akashuka damu zikimtoka, akasema hajambo, akakimbilia vichakani. Nilimwita, hakugeuka. Sijui kama yu hai, ndiyo maana nikasingizia jiwe."

"Aliyeumia ndiye aliyekimbia?"

Edina hakujua amhurumie mumewe au amlaumu.

Jumamosi wakaenda Busi, wakaulizia, wakaelekezwa kwa Mzee Abdulrahim. Walimkuta uani anapukuchua mahindi, kitambaa kimefungwa kichwani. Alipoliona gari aliinuka atoroke tena. Mkewe, Bi Tabu, akamshika kanzu.

"Shikamoo, mzee," Wambura akasema.

"Marahaba. Mwanangu, nimekuvunjia kioo, na mimi cha kukulipa sina. Ndiyo maana nilikimbia. Mbuzi yule pale, mchukueni."

Wambura alimtazama mkewe kama aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Amekuja kuomba radhi, sasa anaombwa yeye. Akaanza kusema, akaacha, akaanza tena. Ikabidi Edina aeleze kwamba hawakufuata mbuzi. Wanataka kumpeleka hospitali kidonda kikaangaliwe.

Mzee aliwatazama kwa zamu, akionekana hajaelewa vizuri. Mwishowe akakubali, ila alifungua mlango wa nyuma wa gari, na hakuna aliyeweza kumshawishi akae mbele, karibu na kioo kipya.