Kamera Iliyokaushwa Pamoja na Makobo

Mdogo wangu Constantin anakausha kila kitu. Amekulia kwenye samaki. Siku boti ya kisiwa cha Chisenga ilipomwagia kamera yangu maji, hakuniambia neno. Aliipeleka banda la moshi pale Kashikishi, kando ya ziwa, akailaza juu ya waya pamoja na samaki aina ya makobo, moto chini. Kioo cha kuangalilia alikitoa, akakiosha kwa sabuni, akakirudisha. Niliposikia, kamera ilikuwa kavu kabisa, nami nikamshukuru. Ndivyo nilivyo, nashukuru kwanza, kisha naangalia hasara.

Ni kamera ya zamani ya filamu pana, yenye macho mawili: la juu la kuangalia, la chini la kupiga. Unainama unachungulia kama mtu anayeangalia kama ugali umeiva. Picha za simu ziko, lakini simu ikianguka ziwani na picha zimekwenda. Anayetaka picha ya ukutani anakuja kwangu.

Chouchou alikuja na mama yake, Mama Claire, aliyekuwa anarudi Kilwa, ile ya ng'ambo ya ziwa, na boti ya Jumamosi. Chouchou mwenyewe anabaki. Bwana wake na watoto wako huku Nchelenge. Yeye na mama yake walipokimbia vita hawakubeba picha hata moja ya baba, na sasa sura yake imemtoka kichwani. Hakutaka ya mama nayo imtoke.

Nilipiga, nikasafisha filamu. Kila picha ilikuwa na mstari mweupe pembeni, na uso wa Mama Claire kama wa mtu aliye chini ya maji. Constantin alisema mama alitikisika.

“Mimi?” Mama Claire akamuuliza. “Na kiti, nacho kilitikisika?”

Kweli, kiti kilikuwa na ukungu vilevile, lakini ukutani nyuma yake ungeweza kuhesabu matofali. Filamu ilikuwa imebaki moja, na nyingine lazima itoke Lusaka. Sikuigusa.

Nilianza na mstari. Ulikuwa upande uleule kila picha, basi mwanga uliingia penye bawaba ya mlango wa nyuma. Nikafungua. Sponji nyeusi inayoziba ukingo ilikuwa imeyeyuka kama lami. Nikanusa kidole.

“Constantin, njoo unuse. Hii iko kamera ao iko makobo?”

“Moto haikuwa mingi, yaya,” akasema. Yaya ni mimi, mkubwa wake.

Nilikwangua kwa njiti na spiriti, nikabandika uzi mweusi wa sufu alioutoa Chouchou kwenye kofia ya mtoto aliyokuwa anafuma. Kisha nikaweka taa ndogo ya betri ndani, nikafunga mlango, nikajifunika blanketi na kamera. Hapakuvuja mwanga.

Ikabaki ukungu. Pale filamu inapopita nilivuta karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga kidogo, nikaibana kwa utepe wa gundi, nikaliacha jicho la chini wazi, ili nione kile ambacho filamu ingekiona. Mama Claire akakaa kitini. Kwenye kioo cha juu, macho ya Mama Claire yalikuwa safi. Nyuma, kwenye nailoni, safi ulikuwa ukuta. Basi kioo cha juu kilikuwa kinanidanganya.

Nikakitoa. Kina upande laini unaong'aa na upande wenye mkwaruzo, na wa mkwaruzo, ndiko picha inakotua, lazima uangalie chini. Ulikuwa unaangalia juu. Nilimuuliza Constantin sababu.

“Upande wa kung'aa iko ngozi,” akasema. “Ngozi inalala chini, nyama juu. Ao wewe unaanikaka samaki namna gani?”

Alisema bila kucheka, akionyesha kwa viganja jinsi makobo yanavyopasuliwa na kutandazwa. Nilikigeuza kioo, nikapima tena kwenye nailoni: macho ya Mama Claire safi juu, safi na nyuma. Nikaweka filamu haraka, kwa sababu Constantin bado alikuwa anamweleza Mama Claire habari za ngozi, nikapiga.

Jumamosi Mama Claire aliondoka. Filamu niliisafisha boti ikiwa imeshatoka, Chouchou amekaa nje ya mlango wangu. Niliitundika kwa kibanio cha nguo, nikamwita. Mstari haukuwepo. Mama Claire alikuwa anacheka, mwanya wa meno wazi, hata mikunjo ya macho unaiona.

“Ulimuambia nini?” Chouchou akauliza.

“Mimi sikusema kitu.”

Chouchou alikuwa bado ameinamia filamu, anafuta macho kwa kitenge, Constantin alipochungulia mlangoni. Akaona inadondosha maji. Akasema kule bandani moto upo, ingekauka mara moja.

Nilifunga mlango kwa ndani.