Mwanga Chini ya Mlango

Kila alfajiri, Baba, mwanga ulipita chini ya mlango wa chumba chenu. Mstari mwembamba wa manjano, wa koroboi kwanza, kisha wa balbu umeme ulipofika kwetu Mosocho. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye esaiga, kibanda changu cha uvulana, nikaja mezani na daftari na kikombe cha chai. Mstari ukitokea, nilijua umeamka. Ukizimika, nilijua unatoka, nami nikakaa wima.

Nilisoma miaka mingi mbele ya mlango ule, na hadi leo sijui blanketi lenu ni la rangi gani. Tangu nilipotahiriwa sikuingia. Nilifika kwenye mwanga, nikakoma hapo.

Si kwamba ulinifukuza. Hiyo ndiyo ensoni, ile haya ya Wagusii baina ya mzazi na mtoto: mwana haingii anapolala babake, wala hauoni mwili wake uchi. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha. Niliikuta nyumbani, nikakua nayo.

Kisha nikaondoka. Umesh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, ambaye ulimbebea simenti miaka thelathini, alinipa koti zito la mwanawe Pratik. "Huko baridi haina adabu," alisema. Wewe ulinisindikiza hadi barabarani, ukanipa mkono, tukatikisana kama watu waliomaliza kuuziana ng'ombe. Nilitaka kukukumbatia. Sikukukumbatia, na jambo hilo nimelibeba mpaka Uingereza pamoja na lile koti.

Mchana nikasomea uhandisi wa maji katika mji wa Hull. Mwanafunzi anaruhusiwa saa chache za kazi kwa wiki, nami nikazipata. Ukaniuliza kwa simu ni kazi gani. Nikasema, "Ni ya hospitali hospitali hivi." Nawe ukaipeleka kanisani. Krismasi ilipofika, Mosocho nzima ilikuwa na daktari wake Hull. Kufikia Pasaka watu walikuwa wananitumia picha za magoti yao.

Sikuwa daktari, Baba. Nilikuwa nawaogesha wazee katika makao ya kuwatunzia.

Wa kwanza aliitwa Lewis, dereva mstaafu wa treni, mtu wa rika lako. Asubuhi ile nilisimama nje ya chumba chake na mwanga ulikuwa chini ya mlango, mstari uleule, na miguu ikanigomea. Msimamizi alidhani nimesahau namba ya chumba. Nikabisha, nikaingia. Nikamvua nguo, nikamsugua mgongo huku macho nimeyaegemeza ukutani. Niliona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka kulia. "Kijana," Lewis akaniambia, "ukuta huo ni safi. Niogeshe mimi."

Nikajifunza. Kuosha, kukausha, kupaka mafuta. Kumgeuza mtu mzima bila kumuumiza, kwa mikono miwili tu. Yote nikajifunza, na yote nikakuficha.

Mwaka wa pili, mwezi wa Februari, kiharusi kilikuangusha, kikachukua upande wako wote wa kulia. Mama akabaki nawe peke yake, mwanamke mdogo wa umbo na mwanamume wa mifuko ya simenti. Alikuvuta kwa mkono, akakuburura kwenye shuka, na kidonda kikaota chini ya mgongo. Muuguzi akamwambia wazi: kidonda hicho kisipopumzishwa kitafika mfupa, na hapo kitamuua bila msaada wa kiharusi.

Mama akanipigia simu ya video akiwa chumbani kwenu. Picha ikatikisika, nikaona ncha ya pazia, na kabla sijaona kingine nikailaza simu kifudifudi juu ya meza.

"Mokua, tazama kidonda cha babako."

"Mama, usinionyeshe."

"Basi atakufa na heshima yake," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya ndizi.

Mikono iliyojua kukugeuza ilikuwa hii hapa, ng'ambo, mezani, pembeni ya simu. Kukuona sikuweza. Lakini nyinyi mngeweza kuniona mimi, na mkiniona mngejua kazi yangu. Kisha nikamwambia Mama achukue kipande cha plasta, ya kidonda hichohicho, azibe jicho la simu, aisimamishe mahali ambapo nyote wawili mnaona.

Nikaiinua simu yangu, nikaisimamisha mezani: kioo kilikuwa cheusi. Nikamwita Eric, kijana wa Nyamira ninayepanga naye chumba, akalala kitandani akajifanya mgonjwa. "Mzee yuko tayari," akasema, "ila anadai uji." Sikucheka. Nikasimama upande wa kushoto. Mkono wa mbali, Mama, uulaze kifuani. Goti la mbali likunje. Shika bega, shika nyonga. Usivute kwa mikono, rudi nyuma na mwili wako wote. Eric akaja kwangu polepole, mzima mzima. Mto mgongoni. Mto katikati ya magoti. Kila baada ya saa mbili, Mama, mchana na usiku.

Gizani kwenu nikasikia kitanda kikilia. Nikasikia Mama akihema, kisha wewe ukishusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

"Kumbe," ukasema, kwa ulimi mzito, "ndiyo kazi."

"Ndiyo hiyo, Baba."

Eric akageuza kichwa kuitazama simu.

"Huyo mzee unayemgeuza huko. Ana watoto?"

"Anao. Wako Australia."

"Basi mgeuze vizuri," ukasema.

Tangu siku ile kila asubuhi naamka nakuta picha moja kutoka kwa Mama. Haandiki neno. Anaipiga akiwa sebuleni, palepale nilipokuwa nikikaa na daftari: mlango umefungwa, na chini yake mstari wa manjano. Ni kusema umegeuzwa, umeoshwa, umeamka. Muuguzi anasema kidonda kimeanza kufunga.

Naitazama nikivaa koti la Pratik. Kisha natembea hadi kwa Lewis, kwenye mlango wake, kwenye mwanga wake. Nabisha, Baba, halafu naingia.