Amina ya Mama Mtumishi

…na miaka mitatu, amesema miaka mitatu, au ni masikio ya mama ndiyo yameingia sabuni, hapana, amesema, tena amemwambia Mungu kwa sauti ile ile anayoagizia chai, tunakushukuru Baba kwa kutuongezea sisi watumishi wako miaka mitatu mingine katika kazi hii, na mama mwenyewe kapiga magoti sakafuni hapa kwenye ukumbi wa nyumba ya wazee, goti la kushoto linamuuma kama linatafunwa, mkononi kashika mguu wa bibi wa watu, mguu umevimba, kucha ngumu kama pembe, maji ya beseni yanapoa, na ukumbi mzima umefumba macho, wahudumu wamefumba, wazee kwenye viti vya magurudumu wamefumba, wengine wao wamelala zao wala si sala, na katikati pale, chini ya karatasi za rangi zilizobandikwa kwa ajili ya sikukuu, kasimama mume wake, Baba Mtumishi, mikono juu, jasho kwapani, anazungumza na Mungu… miaka mitatu, nani kaongeza, kaongeza lini, mbona jana walilala kitanda kimoja wakagombania shuka moja kama kawaida na hakusema kitu, alisema tu kwamba mto wake umekuwa mgumu, mto ndio alioona wa kusemea, na masanduku yako pale nyuma ya mlango, kayafunga mama kwa mikono yake, kwa sababu utumishi wao huku ugenini ulikuwa unaisha na sikukuu hii, ndivyo walivyoambiwa, ndivyo alivyomwambia binti yake, nakuja mwanangu, sikukuu ikiisha tu nakuja.

"Maji yamepoa," kasema bibi mwenye mguu. Wahudumu wanamwita Bibi Jeuri, naye, ukimwacha mama, ndiye pekee humu aliyekodoa macho.

"Nyamaza bibi, tunaomba."

"Anaomba yeye. Mimi naganda."

"Anakaribia kumaliza."

"Huyo? Huyo alianza kukaribia tangu tunakunywa chai," na mama angecheka, siku nyingine angecheka, lakini mzee wake kafika kwenye wagonjwa sasa, anawaombea chumba kwa chumba, na wakati anawapita wagonjwa mama anaihesabu ile habari upya kama mtu aliyepewa chenji pungufu, miaka mitatu, binti ni mimba ya tatu hii, wajukuu wawili wa kwanza mama kawaona kwenye simu, mkubwa ameshaota meno na kuanza kuyang'oa, anamwita bibi wa simu, bibi wa simu hujambo, anaonyeshwa kioo anakibusu, anaacha mate… na safari hii daktari kamlaza binti chali, hakuna kuinuka, hakuna kubeba, mume yuko kazini kutwa, mama njoo, alisema, nimelala hapa kama gunia, watoto wananipanda juu, sina mtu, na mtoto huyu hakuwa mtu wa kuomba, tangu mdogo akianguka alikuwa anajifuta vumbi mwenyewe, halafu anaangalia kama kuna mtu kamwona… kajifunzia bwenini hayo, na bweni lenyewe mama alilisikia wapi kama si hivi hivi, mezani, chakula kimepakuliwa, mzee kafumba macho akasema, na umlinde huyu mtoto anapokwenda kuanza maisha ya bweni, mtoto kijiko mdomoni, mama upawa mkononi, wakatazamana wao wawili, bweni gani, na nyumba yao ile yenye bomba uani, iliuzwa kanisani mbele ya watu wote, Baba umbariki mnunuzi, mama akafumbua macho kabisa, mnunuzi yupi, kumbe kaketi safu ya pili na tai shingoni, anaitikia. Wanaume wengine humwambia mke kwanza ndipo waombe, huyu wake huomba tu, mke akazipate habari humo humo ndani ya sala, kama jirani aliyetega sikio ukutani. Na sala utaikatizaje? Mtu akihutubia utamzomea, akilewa utamfungia mlango alale na mbwa, lakini akiwa anaomba utafanya nini, utamwambia Mungu subiri kidogo, nina neno na huyu?

Na si mtu mbaya, hilo ndilo baya zaidi, hajawahi kuinua mkono, hanywi, viatu vyake vizuri kampa mlinzi wa getini, koti kampa mgonjwa, watu wanamwambia mama una bahati, mama anasema ndiyo, na leo hii asubuhi ni yeye mzee aliyebeba haya mabeseni yote kutoka jikoni, na mgongo wake ule, anapenda kazi hii, anapenda watu wasimame akiingia… ahaa. Hapo. Kule nyumbani nani atasimama, kule ni mzee mwenye fimbo anayepanga foleni ya pensheni na wenzake, anaulizwa jina lake mara mbili dirishani, nyumba yenyewe hana, atakaa kwa binti, chumba cha nyuma, wajukuu watamzimia redio yake, huku ni Baba Mtumishi, mpaka wapishi wanamwachia paja la kuku, basi sema hivyo, sema mke wangu mimi naogopa, mke angejua la kufanya na mume anayeogopa, amewahi kuuguza vitu vibaya kuliko hivyo.

"Hongera," kasema Bibi Jeuri.

"Ya nini?"

"Si mnabaki. Miaka mitatu, nimesikia. Mtatuzika wote."

"Sikuwa najua," na limeshatoka, limetoka lenyewe kama chafya, na bibi anamwinamia, anamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu aanze kumwosha.

"Hukujua wewe?"

"Nyamaza bibi."

"Basi wewe ni mwenzetu. Sisi nasi wanatuhamisha vitanda tumelala. Unaamka asubuhi, unatazama ukuta mwingine, ukiuliza unaambiwa hapa pana hewa."

Pana hewa… na mzee kashuka sauti, anaitia asali, hii mama anaijua, hii ni ya familia, akishafika familia hayuko mbali na mwisho, na umkumbuke binti yetu kitandani kwake, anasema, na mama anainamisha kichwa maana hili ni la kuitikia kweli, hili angeliomba hata peke yake, umfariji Baba, yeye ambaye amelipokea neno la mama yake, kwamba mama amechagua kubaki shambani mwako, akalipokea kwa machozi lakini kwa utii…

Neno la mama yake.

Mama yupi, mama kasema lini, mama huyu hapa, mikono imo majini, na ndipo wiki nzima ya simu isiyopokelewa inamjia yote pamoja, inaita, inaita, inakata, akawa anasema ni mtandao, akawa anasema ni mimba inamchosha, kalala maskini, akawa anamtetea mpaka mbele ya baba yake, na baba yake anakunywa uji na kusema, mwache apumzike, mwache apumzike, kumbe mtoto hakulala, mtoto kalala chali macho juu, anaitazama simu inavyoita na jina la mama yake juu yake, anasema mwache aite… mzee kampigia, kamwambia mama yako ameamua, kauchukua mdomo wa mkewe kama anavyochukua mwavuli wake mlangoni bila kuuliza, kautumia, kaurudisha mahali pake umeloa, na mwenyewe hakuhisi hata ladha. Machozi hayaji. Alidhani yatakuja, anayangoja kama mtu anayengoja chafya, hayaji, linalokuja ni kitu kikavu, kizuri karibu, kama pale unapopapasa gizani na mkono ukakuta swichi.

Kwa sababu sala ya mzee haijui kujifunga. Hilo halijui mtu ila yeye, na mzee, na labda Mungu. Tangu wameoana ndivyo wanavyofanya, yeye anapandisha, anashusha, akisema na watu wako wote waseme, mama ndiye anayetoa amina ya kwanza, ile nene, ya kifuani, ndipo watu wote wanamfuata, wachungaji wenzake walikuwa wanatania, mzee ni injini mama ni breki, watu wanacheka, mama anacheka nao, na bweni lile lilipita kwa amina yake, nyumba ile ikauzwa kwa amina yake, na humu ukumbini wameshazoea, mama hajasema, hakuna anayesema, hata wanaokoroma wanamngoja yeye. Hati yake ya kusafiria iko kwenye mkoba wa mzee, mfuko wa ndani, na zipu haiulizi ni mkono wa nani. Simu ya binti itaita na haitapokelewa, sawa, hodi itapokelewa, atasimama mlangoni na sanduku na kusema kwa mdomo huu huu mwanangu sikusema, hata akifungiwa atakaa kizingitini, amewahi kupiga magoti mahali pabaya zaidi kwa ajili ya watu wasio wake.

"Na watu wako wote," anasema mzee, mikono inapanda, "na waseme…"

Kiti kimoja cha magurudumu kinalia. Mhudumu anakohoa.

"Na watu wako wote, Baba, kwa moyo mmoja, na waseme…"

"Sema basi," Bibi Jeuri ananong'ona, "tukapate keki."

"Sina."

"Huna nini?"

"Hiyo anayoitaka. Sina."

Na jicho moja la mzee linafumbuka, mama analiona, linamtafuta juu ya vichwa vya watu, linampata, linafumba upesi, na tena Baba tunakushukuru kwa siku hii, anaanza, tunakushukuru kwa jua, na kwa mvua pia, na kwa wapishi, na, na kwa viti hivi, na kwa hewa, sauti inazunguka juu kule inatafuta pa kutua, watu wameinamisha vichwa wanangoja, na mama anautoa mguu wa bibi majini, anauweka pajani, anavuta taulo, anaukausha kidole kwa kidole, kisigino, katikati ya vidole panaposahaulika, hana haraka, aombe tu.