Treni ya Nusu Nauli

Wewe umewahi kungojea mlango wa watu ufunguliwe, saa nzima na dakika ishirini, kila siku ya kazi, miezi saba? Basi mshona vifungo wetu alikuwa akingojea.

Stesheni ya kwao, aliyepita getini kabla ya saa kumi na mbili asubuhi alilipa nusu nauli. Aliyechelewa hata dakika moja, nauli nzima. Ile nusu iliyobaki ndiyo iliyomnunulia mama yake dawa ya macho, kichupa kidogo chenye kifuniko cha kijani, kila mwezi. Kwa hiyo alipanda treni kungali giza, akashuka kabla ya saa moja, na karakana ya sare za shule ilifunguliwa saa mbili.

Kukaa hakukukalika. Aliketi kizingitini, akainuka, akaenda mpaka kona, akarudi, akahesabu vigae vya ukutani, thelathini na vinne, kimoja kimemeguka pembeni. Baridi inamshika, haja nayo inambana, na choo kiko humo humo ndani, hatua kumi nyuma ya kitasa. Mlinzi wa duka la ng'ambo ya barabara alikuwa haishi kumtazama.

"Mama, unachunga nini hapo?"

"Nachunga mlango usiondoke, baba."

Ufunguo ulikuwa mmoja tu, umening'inia shingoni mwa bosi kwa kamba ya kiatu. Zamani mkata vitambaa alipewa wa pili, majora matatu yakayeyuka, na tangu hapo aliyetaja ufunguo alitazamwa mikono. Ndiyo maana kila asubuhi neno lilimfika mshona vifungo kooni, akalimeza.

Tena bosi mwenyewe alikuwa akimsifu. "Mwigeni huyu. Kila nikija namkuta." Wenzake wakamwita Mama Alfajiri, na si kwa mapenzi.

Mwezi wa nane wa kungoja huko, stesheni ikabandika tangazo: nusu nauli mwisho saa kumi na moja na nusu. Kungoja kukawa karibu masaa mawili. Siku ya nne mvua ikamkuta pale kizingitini, ikamlowesha mpaka soksi. Bosi alipofika akamshika bega mbele ya wote.

"Mnaona mtu anavyopenda kazi?"

"Anapenda nusu nauli huyo," mpiga pasi alisema, huku anakung'uta mwavuli wake.

Wakacheka. Bosi hakucheka. "Nusu nauli gani?"

Mshona vifungo akaeleza yote, macho kwenye viatu vinavyochuruzika maji: treni, saa, kichupa cha mama. Kadiri alivyoeleza aliziona sifa zake za miezi yote ile zinachuja, kama rangi ya kitambaa cha bei rahisi.

"Kumbe," bosi alisema. Akavua kamba shingoni, akafungua mlango, lakini hakuingia. Alisimama pale pale, ufunguo unabembea kidoleni. "Si ungeniambia tu. Haya, unataka nikuongezee hela ya nauli?"

Mpiga pasi alimkonyeza: itikia, mjinga wewe. Neno ndiyo lilikuwa jepesi, na mambo yangeishia hapo. Lakini mshona vifungo alikuwa akiutazama ule ufunguo unavyokwenda na kurudi.

"Nauli naimudu, dada bosi," alisema. "Nataka ufunguo. Nikifika, niingie."