Mafua ya Wiki ya Tatu

Karani wa mafaili pale hospitalini wenzake walimwita Bwana Mafua, kwa kuwa alama ya ugonjwa huo katika orodha ya magonjwa, J00, aliiandika hata akiwa amefumba macho. Kila karani mpya alifundishwa naye: pua kuchuruzika, chafya, koo kuwasha, kikohozi chepesi. Zikipita siku kumi bila nafuu, hayo si mafua tena, tafuta jina jingine.

Siku dada yake mkubwa alipompigia simu, mafaili yalikuwa yamemfika kidevuni.

"Mdogo wangu, haya mafua wiki ya tatu sasa, na kifua kinanibana."

"Dada nawe! Mafua ukiyatibu yanaisha kwa siku saba, usipoyatibu yanaisha kwa wiki. Kunywa maji ya moto, ulale."

Dada alicheka mpaka akakohoa, naye akacheka. Wiki ya tatu! Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, lakini sikio lililokufa siku ile lilikuwa la karani mwenyewe.

Wiki moja baada ya mazishi, faili la dada lilifika mezani kwake ili lipewe alama. Wenzake walitaka kumpokea kazi hiyo, akakataa katakata. Nimonia, akaiandika. Kisha akafanya kosa la kufungua ukurasa wa kwanza, pale daktari alipoeleza kwa nini mgonjwa alichelewa kuja.

"Ana mdogo wake hapa hapa hospitalini, mjuzi wa magonjwa. Ndiye aliyemwambia ni mafua tu."